Mama, Fundo la Pili Hatujalielewa

Umetimia mwaka, Mama, tangu asubuhi ile ya Jumanne ulipotutoka, na bado tunajikuta tumeandaa kikombe chako pamoja na vyetu. Mumeo ndiye aliyeshika kalamu. Sisi wengine tumemzunguka tukimsahihisha, na kama ungekuwapo ungesema tumejikunyata kama kuku walionyeshewa. Ni kweli, ndivyo tulivyo.

Kwa faida ya msomaji ambaye hakukufahamu, tuseme kwamba uliongoza karakana ya kushona sare za shule kwa miaka ishirini na tisa. Ulianza na cherehani moja ya kukanyaga, sebuleni, watoto wakilala chini ya meza juu ya mabaki ya vitambaa. Ulimalizia na chumba kirefu chenye cherehani nane, meza ya kukatia, na pasi mbili ambazo hazikuwahi kuwa nzima zote kwa pamoja.

Mafundi walikuita Mama Pini. Mtu alipoharibu kola, au alipofika saa nne na hadithi ndefu, ulichukua pini kwenye kikopo ukazibana midomoni, ukaendelea na kazi yako. Mwenye pini mdomoni hasemi. Ulipozitoa, hasira ilikuwa imeshuka na ulichosema kilikuwa kifupi na chenye msaada. Mafundi walizihesabu kwa mbali. Pini moja, salama. Pini tano, mtu alianza kukumbuka dhambi zake zote.

Chai ya saa nne uliipika mwenyewe, tangawizi ikiwa nyingi mno, na hakuna aliyethubutu kukuambia. Ulijua mtoto wa nani anakohoa na mama wa nani amelazwa. Mwaka ule upepo ulipoezua paa, vitambaa vyote vikalowa, mafundi walisimama mlangoni wameshika viuno. Wewe ulivianika kwenye ua wa jirani, ukavipiga pasi kimoja kimoja kwa siku tatu. "Vimejikunja tu," ulisema, "havijafa." Tukadhani hujui kuogopa. Mumeo peke yake ndiye aliyejua kwamba siku zile tatu hukula kitu.

Kisha mwili wako ukagoma upande mmoja, na ulimi nao ukagoma. Ulilala hospitali siku kumi na moja bila neno.

Aliyekaa kitandani kwako muda mrefu kuliko sisi sote ni mtoto wako wa pili, binti ambaye tangu sindano ya cherehani ilipomtoboa akiwa na miaka saba hatujamwita jina jingine ila Kidole. Miaka minane alikuwa akipiga vifungo karakanani, na ulikuwa umeshasema kwamba yeye ndiye atakayeshika nafasi yako. Siku ya tisa aliinama akakuuliza kwa sauti ya chini, "Mama, nitawaweza watu wazima wale?"

Ukanyoosha mkono uliokuwa mzima. Ukachomoa uzi kwenye pindo la blanketi, ukauviringisha kwenye kidole kama mafundi wanavyofanya, ukafunga fundo. Kando yake ukafunga la pili. Ukamshika mkono, ukamgusisha fundo moja, halafu jingine, ukawa unamtazama.

Kidole alidhani unataka kushona. Alikuletea sindano na kipande cha kitambaa, ukageuza uso. Alikuletea kidonge cha uzi kutoka kwenye mkoba, machozi yakakutoka. Mumeo akadhani ni maumivu, akamwita nesi. Nesi alikuja, mtu mwema tu, amechoka, akasema, "Mama, ukiendelea hivi blanketi litafumuka lote." Akaukata uzi kwa mkasi mdogo akautupa kwenye ndoo. Siku mbili baadaye ulituaga.

Kidole akaingia karakanani kwa nguvu zote, kama anayeogopa kusimama asije akaanguka. Alifika wa kwanza, akatoka wa mwisho. Katika mwezi wa tatu akafanya usafi mkubwa. Zile karatasi zako ngumu za kukatia, zilizolegea pembe na kujaa mafuta ya mikono, zikining'inia nyuzi chafu, alizibadilisha zote. Akakata mpya, nyeupe, akaandika kwa kalamu nene: mkono, kola, mgongo. Za zamani tulizichoma uani. Tulimsifu sana siku ile, na kiberiti aliwasha mumeo mwenyewe.

Hapa lazima tumtaje Fundi Mkasi, mkataji wako tangu mwaka wa sita wa karakana. Msomaji ajue kwamba mkataji hutandika kitambaa tabaka juu ya tabaka, zote zikitazama juu. Akilaza karatasi ya mkono akakata, amepata mikono ya kulia. Sharti aigeuze karatasi ndipo apate ya kushoto. Ni jambo dogo, na yeye alikuwa amelifanya maisha yake yote.

Wiki moja kabla shule hazijafunguliwa, alikata mikono ya mashati sitini. Washonaji walipoanza kuunga, mmoja akasimama, kisha mwingine. Mikono mia na ishirini, yote ya kulia. Muuza kitambaa alikuwa ameishiwa na rangi ile.

Kidole hakukumbuka pini. Mbele ya watu wote alisema, "Fundi, umri wote huo hujui kulia na kushoto? Hata mtoto wa chekechea anajua."

Fundi Mkasi alivua aproni akaikunja mara nne. Akaupangusa mkasi, akaulaza mezani. "Umesema kweli, mwanangu," alisema, akaondoka.

Hakurudi kesho yake wala wiki iliyofuata. Mafundi hawakugoma, ila waliacha kuzungumza, na karakana isiyo na soga, Mama, wewe unaijua. Chai ya saa nne ilipoa kwenye birika. Kidole alianza kukata mwenyewe, akapindisha migongo miwili, akaketi chini ya meza ya kukatia kama alivyokuwa akilala chini ya meza utotoni, akalia mpaka mwenye pasi akamfuata na kanga.

Jioni ile mumeo alimwambia jambo ulilomkataza asimwambie mtu. Utusamehe. Alimwambia kwamba katika mwaka wako wa pili ulimfokea mshonaji kwa sababu ya kola, mwanamke mpole aliyeanza nawe sebuleni, naye akachukua mkoba wake akaenda. Ulimtafuta Jumapili nne mfululizo. Alikuwa amehama, na majirani hawakujua alikoelekea. Pini zilianza Jumatatu iliyofuata.

"Kwa hiyo hakuzaliwa nazo," alisema Kidole.

"Mama yako alizaliwa na mdomo," alijibu mumeo. "Pini zilikuja baadaye."

Asubuhi Kidole akaenda kwa Fundi Mkasi. Alimkuta ameketi kizingitini, anachambua mchele kwa kupapasa.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba, mwanangu."

"Nimekuja kuomba radhi."

"Radhi nilishakupa siku ile ile, kabla sijafika kwenye kona. Shida si radhi. Shida ni macho."

Kidole hakuelewa. Mzee akaweka ungo chini. "Kitambaa nakiona. Chaki naiona kidogo. Lakini karatasi ikishalala mezani sijui imelala chali au kifudifudi. Mama yako alinitilia uzi kwenye kila karatasi. Fundo likiwa juu, mkono wa kulia. Likiwa chini, wa kushoto. Mimi nilikuwa napapasa tu. Miaka mitatu, na hakuna aliyejua ila mimi na yeye. Zile zako mpya ni nzuri, zinateleza vizuri, lakini hazisemi kitu."

"Mbona hukuniambia?"

"Nikuambie kwamba mkataji wako haoni? Ungeniweka wapi?"

Kidole akamrudishia ungo mapajani, Mama, akaaga.

Alirudi nyumbani akatuita sebuleni. Alichukua uzi akafunga fundo, akatuambia tufumbe macho, akatugusisha mmoja mmoja. Hakuhitaji kusema zaidi. Kitinda mimba wako alitoka nje. Mumeo aliushika ule uzi muda mrefu akisema, "Alikuwa anaongea. Alikuwa anaongea, nami nikamwita nesi."

Tumejaribu kujitetea. Tumesema hatukuwa mafundi, tumesema tulikuwa tumechoka, tumesema nani angejua. Maneno hayo hayajatusaidia. Ulitumia siku zako za mwisho kumlinda mzee wa watu kwa mkono mmoja, nasi tukakuletea sindano.

Kidole alitia nyuzi kwenye karatasi zote mpya, akazipeleka kizingitini. Fundi Mkasi alipitisha kidole kwenye ya kwanza, ya pili, ya tatu, akacheka kwa mara ya kwanza. "Umeweka mafundo upande usio wake. Ningekukatia ya kushoto nikiiita ya kulia." Wakazifumua pamoja, wakazifunga upya. Alhamisi alirudi kazini, na mtu alimwekea chai pale pale alipokuwa akiipata zamani.

Tungependa kukuambia kwamba mambo yamenyooka. Hayajanyooka. Watoto sitini walianza muhula na mashati ya mwaka jana, na mwalimu mkuu hajasema kama atarudi kwetu. Mikono sitini ya kulia iliyozidi imo kwenye gunia chini ya meza, Kidole hataki itupwe. Daktari amemwambia Fundi Mkasi kwamba macho hayatapona, yatafuata njia yake. Iko siku hata fundo halitatosha. Kidole ameanza kusimama kando yake wanapokata, mkono wake juu ya wa mzee. Kuna siku hatujui ni nani anayemwongoza mwenzake.

Lakini Mama, ulifunga mafundo mawili.

La kwanza tumelielewa, tena kwa kuchelewa hivyo. La pili ni la nani? Kidole anazunguka karakanani akimtazama kila mtu kwa namna ambayo hakuwa akimtazama zamani. Amegundua kwamba mwenye pasi ana bega linalouma na huinua pasi kwa mkono wa kushoto watu wakigeuka. Akasema, "Labda ni hili." Kisha akagundua kwamba mshonaji wa kola hajui kusoma namba za vipimo, huzikariri kwa kuziuliza kama mzaha. Akasema, "Labda ni hili." Wiki iliyopita aligundua jingine ambalo si la kuandika hapa. Kila mmoja karakanani kumbe alikuwa na kitu chake, na wewe ulikuwa umevibeba vyote kimya kimya, pini mdomoni. Kwa upande wake mumeo anaamini fundo la pili lilikuwa lake. Hatumbishii.

Mwezi jana Kidole alirudi hospitali kuomba lile blanketi, akifikiri huenda uliacha na jingine pindoni. Yule nesi alimkumbuka. Alimpeleka kwenye chumba cha kufulia, akamwonyesha rundo linalofika kifuani, na kumwambia kwa upole kwamba yote yanafanana. Kidole alisimama pale, akapapasa pindo la blanketi la kwanza, la pili, la tatu, mpaka wakaja kufunga mlango.

Wanaokukumbuka ni mumeo. Kifungua mimba wako na mkewe. Kidole, mwenye pini tatu mdomoni tangu asubuhi. Kitinda mimba wako. Dada yako anayevaa viatu vyako. Wajukuu wanne, pamoja na yule ambaye hukumwona. Na mafundi wote wa karakana, akiwamo Fundi Mkasi, aliyetuomba tumsomee tangazo hili mara mbili.

Hutatutoka moyoni, Mama. Bado tunapapasa.