Midoli ya Baba

Majengo, Dodoma
20 Februari 1994

Mwanangu Ruthu,

Salaam nyingi kwako na kwa mumeo Optatus. Mimi sijambo, ni mgongo tu unaonikumbusha umri kila asubuhi. Mvua imetuonjesha mara moja ikaondoka, na uwele wa watu umeanza kunyauka. Natumaini huko Dar mnaendelea vizuri.

Uliuliza nashindaje tangu wanipunguze kazini. Nimepata pa kukaa sokoni, kwenye kibaraza cha Mwanahawa anayeuza mitumba. Nashona viatu na mikoba. Mikono iliyoshona viti vya mabehewa miaka yote ile haiwezi kulala tu.

Wiki iliyopita Mwanahawa alifungua robota la nguo za watoto. Akaingiza mkono kwenye masweta, akaruka nyuma. Nilidhani ni panya. Kumbe ni mdoli, lakini si wale wa plastiki ngumu wenye nywele za njano. Huyu ni kama mtoto aliyezaliwa leo. Uso umekunjamana, kucha zina rangi yake, nyuma ya magoti kuna mikunjo. Wameweka kitu kizito tumboni na kichwani, kwa hiyo ukimnyanyua shingo inalegea. Niliishika shingo kabla sijafikiri. Mwanahawa akacheka, akasema, "Mzee, kumbe unajua kubeba mtoto." Nikamwambia ndiyo kwanza leo.

Mkono mmoja ulikuwa umechanika begani. Nimeushona kwa ndani, huwezi kuona mshono. Yupo hapa mezani ninapoandika. Ni kitu kizuri, mwanangu. Nilitaka tu kukuambia.

Baba yako,
Zablon


Ilala, Dar es Salaam
13 Machi 1994

Baba mpendwa,

Shikamoo. Sisi hatujambo, joto tu ndilo linatutesa. Mgongo unaupaka ile dawa niliyompa dereva akuletee?

Barua yako nilimsomea Optatus tukacheka. Akauliza, "Mzee anacheza midoli?" Nikamwambia mwache baba, nyumba ile imekuwa kimya mno tangu mama atutoke. Afadhali una kitu cha kutazama. Ila usisahau kula, Baba. Najua ukianza kushona husikii njaa.

Njoo utembee huku, hata mwezi mmoja.

Mwanao,
Ruthu


Majengo, Dodoma
7 Agosti 1994

Mwanangu Ruthu,

Nimefurahi kusikia mko salama. Mimi ni mzima. Dawa napaka, na ugali nakula.

Kuja Dar sitaweza kwa sasa. Nina wageni. Wauza mitumba wote wa Majengo wameshajua, wakikuta mdoli wa namna ile ndani ya robota wananiwekea, nami nawashonea mifuko yao. Sasa wamejaza kitanda cha mama yako. Kuna mmoja macho yanafumba ukimlaza, lakini jicho la kushoto linachelewa. Kuna mwingine mweusi, sijui walimtengeneza wapi huko Ulaya, nywele zimepandwa mojamoja kichwani. Huyo alikuja amepasuka mgongo, na nilihangaika naye mpaka nikapata ngozi laini ya kumtia kiraka. Mama mmoja aliyekuja na watu wa Bunge alitaka kumnunua. Nilikataa.

Mtoto wa jirani yangu Lydia, anaitwa Tumsifu, ana miaka minne, huja kila siku kuwasalimia. Anawaamkia wote mmojammoja. Asipoitikiwa ananitazama, basi naitikia mimi.

Usidhani nimechanganyikiwa. Ulipozaliwa nilikuwa karakana ya Tabora, nikarudi umeshaanza kukaa. Na hata ningekuwepo, nani angenipa? Enzi zile mwanaume akibeba kichanga alichekwa kilabuni. Mama yako alikuwa akipita na wewe mgongoni, mimi naona kisogo. Wadogo zako wale wawili hawakufikia hata kutambaa. Nao sikuwashika. Wanawake ndio waliowashika mpaka mwisho.

Sisemi kwamba midoli ndiyo wao. Mdoli ni mdoli, nimeona pamba iliyomo ndani. Ila mikono yangu inaupenda uzito ule.

Baba yako,
Zablon


Ilala, Dar es Salaam
16 Novemba 1994

Baba mpendwa,

Shikamoo. Habari za siku nyingi? Huku tunaendelea, na nina habari ya kukupa. Mungu akipenda, mwezi wa tatu utakuwa babu.

Ningependa kuja kujifungulia nyumbani, kama ilivyo desturi ya mtoto wa kwanza. Mama hayupo, lakini Lydia amezaa na anajua kulea mzazi. Tatizo ni mama mkwe. Amesikia habari za midoli, sijui Optatus alimwambiaje, na amesema mtoto wa ukoo wake hatalala nyumba yenye sanamu za watoto wasiopumua. Nimemweleza kwamba ni vitu vya kuchezea tu. Akaniuliza, "Mzee wa umri ule anacheza nini?"

Baba, sikulaumu. Nakuomba tu uwaondoe kabla sijafika, au uwafungie mahali wasionekane. Fanya hivyo kwa ajili yangu.

Mwanao,
Ruthu


Majengo, Dodoma
4 Desemba 1994

Mwanangu Ruthu,

Barua yako nimeisoma nimesimama, nikashindwa kukaa kwa furaha.

Nimewaviringisha kila mmoja kwenye kitambaa chake na kuwapanga ndani ya lile sanduku la bati la mama yako, na kufuli nimeweka. Kitanda nimekiosha kwa maji ya moto, chumba nimekipaka chokaa. Lydia amesema atakupikia uji wa uwele mpaka uchoke. Tumsifu anauliza wale watoto wamekwenda wapi. Nimemwambia wamelala. Anakuja anagonga sanduku na kuondoka.

Nakusubiri.

Baba yako,
Zablon


Ilala, Dar es Salaam
23 Aprili 1995

Baba mpendwa,

Shikamoo. Najua umekaa ukinitazamia, na nimechelewa kuandika kwa sababu nilikosa maneno.

Mjukuu wako alizaliwa mwezi uliopita, msichana. Tumemwita Elieth, jina la mama. Nilijifungulia huku, kwa mama mkwe. Nilikuwa nimeshafunga mizigo, Baba. Optatus akasema hata wakiwa sandukuni bado wamo ndani ya nyumba. Tumbo lilikuwa limeshashuka, nikakosa nguvu ya kubishana.

Ana mdomo wa mama na masikio yako. Ananyonya vizuri. Tutakuja Krismasi, hilo nimeahidiwa.

Picha nitakutumia tukipiga.

Mwanao,
Ruthu


Kibakwe
30 Julai 1995

Mwanangu Ruthu,

Usishtuke kuona nimeandikia Kibakwe. Nipo kwa mdogo wangu Sila. Mzima nipo, na hakuna aliyeniumiza. Nasema hivyo kwanza ili usome yaliyobaki bila hofu.

Mwezi wa sita surua iliingia Majengo. Watoto wengi waliugua, wengi wakapona. Tumsifu hakupona. Nilikwenda makaburini kama wengine, nikachota udongo. Tulipotoka huko mjumbe wetu wa nyumba kumi, Bashiri, alikuja kwangu na watu nyuma yake. Bashiri ni mtu mwema, alikuwa anaona haya. Alisema, "Mzee Zablon, watu wanataka kuona sanduku."

Nikamwambia, "Si mnawajua. Wameshinda hapa kitandani karibu mwaka mzima, na watoto wenu wamewashika."

Mtu mmoja akajibu, "Walipokuwa kitandani hakuna aliyekufa. Ulipowaficha ndipo mtoto akafa. Ulikuwa unaficha nini?"

Nilifungua. Walikuwa wamelala kama nilivyowapanga, wameviringishwa mpaka shingoni. Watu wakarudi nyuma. Mwanamke mmoja akasema polepole, "Anawazika humu." Baada ya hapo lolote nililosema halikusikika.

Niliwatoa mwenyewe. Sikutaka washikwe miguu. Waliwachoma uwanjani nyuma ya kisima, na midoli ile, mwanangu, haiungui kama karatasi. Inayeyuka, na uso ndio unaochelewa. Mimi nilisimama. Ningeondoka wangesema nimekimbia.

Lydia hakuja uwanjani. Nilimkuta ameketi mlangoni kwangu na kaniki yake ya msiba. Akaniambia, "Baba, mwanangu aliniambia amempa mmoja jina lake, yule mwenye nywele. Nilitaka kumwomba." Nikamwambia amekwisha ungua. Akainamisha kichwa, nasi tukakaa pale pamoja, yeye na mimi, mpaka ndugu zake walipokuja kumwondoa.

Nyumba nimemwachia Mwanahawa aiangalie. Huku kuna baridi, lakini maharage yamestawi. Mjukuu wangu ameanza kukaa?

Baba yako,
Zablon


Ilala, Dar es Salaam
20 Agosti 1995

Baba mpendwa,

Shikamoo. Nimelia mpaka Optatus akaamka kuniuliza kuna nini. Nikampa barua yako asome mwenyewe. Aliisoma yote. Kisha akatoka nje.

Ni mimi niliyekwambia uwafungie. Siwezi kuacha kufikiria hilo.

Elieth anakaa, na ameota jino. Krismasi tunakuja huko huko Kibakwe, hata kama ni mimi na yeye peke yetu.

Mwanao,
Ruthu


Kibakwe
17 Septemba 1995

Mwanangu Ruthu,

Salaam. Mimi sijambo.

La sanduku liondoe moyoni. Wangetafuta neno jingine. Walikuwa wamemzika mtoto, na mtu aliyetoka kuzika hutafuta pa kushika.

Ila nakuomba usije. Habari zimenifuata. Mke wa Sila ameniwekea sahani yangu peke yangu, na nikipita kwa majirani watoto huitwa ndani. Sasa fikiri umemleta Elieth, halafu akirudi Dar apate hata mafua. Mama mkwe wako atasema nini? Mumeo atamtazama nani? Sitaki kukaa huku nikisubiri mafua ya mjukuu wangu.

Nitumie picha. Inanitosha.

Baba yako,
Zablon


Ilala, Dar es Salaam
14 Januari 1996

Baba mpendwa,

Shikamoo. Tulifika salama, ingawa lori la kutoka Kibakwe lilikwama mara mbili. Msalimie Baba Mdogo Sila na mkewe.

Nashukuru hukukasirika kuniona Krismasi, ingawa ulinikataza. Siku mbili za kwanza ulikaa mikono nyuma kama mtu aliyekamatwa, na kila nikikupa mtoto unasema ngoja, mikono ina vumbi. Mwisho ni Elieth mwenyewe aliyetambaa mpaka kwako akashika suruali akasimama. Nilimwona mke wa Baba Mdogo ameacha kupepeta. Ulinitazama mimi kwanza, ndipo ukainama. Na siku ile ya mvua alipolala mapajani mwako mchana kutwa, ukakataa hata kunyoosha mguu, nilikwenda jikoni ili usinione.

Baba, kuna jambo ambalo ningeweza kukuficha, lakini sitaki tuanze kufichana. Tulipofika Dar Elieth alishikwa na homa. Tulimpeleka hospitali wakapima, ni malaria. Amepata dawa, amepona, sasa hivi anavuruga vyombo. Mama mkwe alisema yake. Optatus, usiku wa homa, hakuniangalia usoni. Nami nilimwambia wazi kwamba mbu wapo wengi Ilala kuliko Kibakwe.

Pasaka tutakuja tena.

Mwanao,
Ruthu


Kibakwe
11 Februari 1996

Mwanangu Ruthu,

Salaam nyingi. Mimi ni mzima, na hapa wote wanakusalimu. Mke wa Sila ameacha ile habari ya sahani. Alimwona mtoto mapajani mwangu, nadhani, na hakuna kilichotokea.

Umefanya vema kuniambia ukweli. Nami nikuambie wangu. Nilikuwa nasoma barua yako nje, juani. Nilipofika kwenye neno homa niliacha kusoma. Sikuruka mbele kuona kama amepona. Niliitazama mikono yangu. Niliigeuza, nikaitazama tena, kama mtu anayetazama kitu alichookota njiani. Baadaye sana ndipo nikasoma kwamba amepona.

Najua malaria huletwa na mbu. Najua midoli ile ilikuwa na nini ndani, niliipasua na kuishona mimi. Lakini kwa kitambo kile sikujua chochote. Wamenisema mpaka nami nikajiuliza. Na mtu akishajiuliza hivyo juu ya mikono yake, ni vigumu kumkabidhi mtoto.

Kwa hiyo Pasaka msije. Sijakasirika, wala silii. Mlete akishaanza shule, awe na miguu ya kunijia na ulimi wa kunikataa. Nitamsimulia habari za bibi yake. Kama sitakuwepo, msimulie wewe.

Siku ile ya mvua, ulipokuwa jikoni, alicheka usingizini bila kufumbua macho. Alicheka kwa sauti, mara moja, akaendelea kulala. Wewe hukumsikia. Nimeona nikuandikie ujue.

Baba yako,
Zablon