Pikipiki Iliyokujua Wewe Peke Yako

Papa Bella,

Kesho tunaondoa kilio, tufunge mwaka wa kukuomboleza. Ndugu zako wameshafika, kreti za bia zimepangwa sebuleni, na kaka yako mkubwa ameniambia nisimame mbele ya watu niseme maneno mazuri juu yako, kama desturi inavyotaka. Nitayasema. Hukunipiga, hukulewa ukasahau nyumba, binti yetu ulimsomesha. Lakini kabla ya hayo nataka nikuambie haya mengine, maana yakibaki kifuani yatanipasua. Nimekukasirikia. Mwaka mzima nimekukasirikia, watu wakiniona nalia wakadhani ni huzuni tu.

Unakumbuka pikipiki ya kwanza ilivyoibiwa hapa uani? Uliponunua hii ya pili, nyekundu, ukaanza maringo. Kila asubuhi uliinama, ukapitisha mkono chini ya kiti polepole, kama mtu anayempapasa ng'ombe wake kabla ya kumkamua, ndipo ukapiga teke na injini ikaitika. Mwingine akijaribu, kimya. Jirani yetu Kabura alijaribu mara ngapi? Ukawa unacheka: "Hii piki inanijua mi peke yangu." Na mimi, mjinga wako, nikakusifu kwa majirani! Nilipokuomba unifundishe kuendesha, ili nisigombanie tena basi na ndoo zangu za ndagala, hawa samaki wadogo wa ziwani, kutoka Gatumba, uliniambia, "We Mama Bella, na miaka yako hii? Piki si sufuria." Nikabeba ndoo zangu nikaenda kungoja basi. Bora ningekutupia hiyo sufuria.

Halafu ukaanguka mlangoni, saa tatu asubuhi, kikombe cha chai mkononi. Upande mmoja wa mwili ukalegea, mdomo ukaenda kando. Ilikuwa ile wiki mafuta yalipopotea mjini kote. Hakuna teksi iliyokubali kushuka Buterere, na njia yetu ilikuwa tope tupu. Lakini sisi tulikuwa na mafuta! Ulikaa kwenye foleni siku mbili ukajaza tangi. Tulikuwa na mafuta, tulikuwa na pikipiki, tulikuwa na Kabura anayeendesha tangu ujana wake. Mimi ningekaa nyuma, wewe katikati, nikushikilie. Kabura akapiga teke. Akapiga tena. Akatoa buji, kile kidude kinachorusha cheche, akaifuta kwa shati lake, akairudisha, akapiga mpaka kisigino kikatoka damu. Kimya. Wanaume wanne wakakubeba kwenye blanketi hadi barabara ya lami, na huko tukasubiri gari. Hospitalini daktari aliuliza kwa nini tumechelewa hivyo. Nikamwambia pikipiki imekufa.

Hukuiona jioni ya siku ile.

Tulipokwisha kukuzika, kaka yako alisema hicho chuma chakavu kiondolewe uani. Nikakataa, sijui kwa nini. Mimi na Bella tukaisukuma mpaka Bwiza kwa fundi Sadiki, jasho likitutoka, watu wakitutazama. Sadiki akafungua kiti, akachungulia, akacheka. "Mama, hii piki haina hata ugonjwa. Bwana yako aliweka swichi ya kuficha, juu ya wezi, wasiiwashe." Akaibonyeza kwa kidole, akapiga teke. Ikawaka.

Teke moja, Papa Bella.

Fundi akakusifu kwamba ulikuwa mjanja. Mimi nilikaa juu ya tairi kuukuu. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na wewe hukuficha hata maradhi, ulificha kitu kidogo kama harage. Ukamficha mke uliyelala naye kitanda kimoja miaka ishirini na saba. Mwizi uliyemwogopa alikuwa mimi?

Palepale nikamwambia Sadiki anifundishe yote. Akanitazama mikono, akanitazama kitenge. "Mama, uko na miaka ngapi?" Nikamjibu, "Hamsini na mbili. Leta spana."

Nilijifunza kwa hasira, sikudanganyi. Kila alasiri nikimaliza kuuza nilikwenda gereji, nikanawa harufu ya samaki nikavaa harufu ya oili. Nikajua kusafisha kabureta, kukaza mnyororo, kubadilisha waya wa breki uliokatika. Kila boliti niliyofungua nilikuwa natafuta umenificha nini kingine. Hukuwa umeficha kingine. Hata hilo liliniudhi.

Kisha nikajifunza kuendesha. Mara mbili niliangukia kwenye mashamba ya mpunga, na wanawake waliokuwa wanapalilia wakanivuta kwenye tope wakicheka mpaka nguvu zikawaishia. Mara ya tatu sikuanguka. Wiki chache baadaye nikaenda hadi Gatumba, nikarudi na ndoo zangu zimefungwa nyuma, upepo wa ziwa unaingia kwenye mikono ya blauzi, nikajikuta naimba. Hapo ndipo nilipokasirika kuliko siku zote. Kumbe ni tamu hivi! Miaka yote uliijua raha hii, ukaniacha nisongwe ndani ya basi, abiria wakinilalamikia harufu.

Lipo moja sijamwambia mtu, hata Bella. Asubuhi ile, ulipokuwa kwenye mkeka na Kabura anapiga teke uani, mdomo wako haukutoa neno. Lakini kidole cha mkono wako wa kushoto kilikuwa kinajikunja na kujikunjua, kinajikunja na kujikunjua, na macho umenikazia. Nilidhani unaogopa. Nikakishika, nikakifumba ndani ya kiganja changu, nikakuambia, "Tulia, Papa Bella. Itawaka." Ulikuwa unanionyesha. Hatimaye ulikuwa unaniambia siri yako, na mimi nikaizuia kwa mkono wangu mwenyewe, kwa upendo. Kwa hiyo usidhani hasira hii yote ni yako. Nyingine ni yangu, na sijui niipeleke wapi.

Swichi nimeing'oa jana, nikaunganisha nyaya. Ufunguo unaning'inia kwenye msumari kando ya mlango. Bella anajua kuiwasha, Kabura anajua, mke wa Kabura anajua. Kesho kaka yako akianza kulalamika kwamba hakuna gari la kumpeleka makaburini, nitamwambia apande nyuma na anishike vizuri. Nakuahidi hivi: katika nyumba hii hakuna mtu atakayekufa kando ya kitu kizima kwa sababu mwingine ameficha namna ya kukiwasha.

Maneno mazuri nitayasema, na mengi nitakuwa nayasema kwa moyo. Kisha watu wakirudi kunywa, mimi nitabaki kidogo pale kwenye msalaba wa kaburi lako. Swichi yako nimeifunga kwenye kipande cha kitenge. Nitachimba shimo dogo upande wa kushoto, mkono wako uufikie. Kaa nayo, ni yako.

Lala, mume wangu. Ukisikia pikipiki inawaka kwa teke moja, ni mimi naondoka.

Mama Bella