Ng'ombe Kwenye Njia ya Nne

Sorive, 19 Oktoba

Dada yangu mpenzi Onorina,

Pokea salamu zangu, za mke wangu Delfina, na za nyumba hii uliyozaliwa. Natumaini barua inakukuta mzima, goti limetulia, na baridi ya huko Ubelgiji haijaanza kukushika kifua. Sisi huku tunaendelea. Viazi tumevuna, kuni zimepangwa ukutani, na theluji ya kwanza imeshagusa kilele cha Crosetta. Delfina amekuwekea jibini mbili na anasema usizinunue tena dukani, atakasirika.

Najua unajiuliza kwa nini nakuandikia wakati simu ipo. Kwenye simu mtu anaweza kusema laini ni mbaya akakata. Kwenye karatasi hakuna pa kukimbilia. Basi nivumilie, maana nikianzia mwisho sitamaliza.

Kwanza hali ya mwanao. Ivano anaendelea vizuri. Mfupa wa bega umeanza kuunga, na ufa wa nyonga daktari anasema umeshika. Anatembea kwa gongo moja, anashuka hadi kwa muuza mikate na kurudi, anakula sahani mbili mbili, na Delfina anamhudumia kama aliyepata mtoto uzeeni. Analala chumba chako cha zamani. Hajalalamika hata siku moja, na hilo ndilo linalonitesa.

Alipokuja kuishi hapa miaka mitatu iliyopita, mimi ndiye niliyempokea stesheni. Nilimpenda, usinielewe vibaya. Ana mabega ya baba, na anacheka kama wewe. Siku ya pili nilimtoa kwa baiskeli tupande Crosetta, nikijua nitamfundisha adabu ya mlima. Ni kilomita kumi na nne na kona ishirini na mbili. Kwenye kona ya tisa mimi nilikuwa ulimi nje, na yeye yuko ubavuni kwangu ananiuliza kama bado tunafuga nyuki. Nilimjibu kwa kichwa, sikuwa na pumzi ya kusema hapana.

Dada, nimeongoza wageni kwa baiskeli katika bonde hili miaka thelathini na moja. Najua lami ipi hulainika kwenye joto, najua kona ipi haioni jua mpaka Aprili. Majina ya njia ni mimi niliyeyatoa: Mgongo wa Punda, Jiko la Shetani, Njia ya Wajane. Kisha ofisi ya utalii ikamwajiri Ivano azichore njia sita kwenye ramani na kuziwekea vibao vya kahawia. Alikuja kwangu kwa adabu zote, na daftari mkononi, nami nikamwambia kila nilichokijua. Ramani ilipotoka, Jiko la Shetani limekuwa Njia ya Nne. Chini kabisa, kwa herufi za kusomwa kwa miwani, wameandika: kwa msaada wa E. Tomasel. Msaada, kana kwamba nilimshikia ngazi akipigilia vibao.

Baa nako sikupona. Gualtiero, yule wa kinu, akaniambia mbele ya meza nzima ya karata, "Ermes, siku hizi ukilewa usihangaike. Fuata vibao vya mpwa wako, vitakufikisha kwa mkeo." Wakacheka, nikacheka nao, nikapoteza mchezo. Wageni waliokuwa wangu tangu nywele zangu zikiwa nyeusi wakaanza kupiga simu na kuuliza kama yule kijana yupo. Hata Delfina siku moja akaniambia amekutana na padri Njia ya Nne. Sikula jioni ile. Delfina akaniuliza kama tumbo linauma, nikasema ndiyo.

Nilimwonea kijicho, dada. Nakitaja kwa jina lake. Kijicho cha mtu wa miaka hamsini na nane kwa mtoto wa dada yake. Nikimsikia anapiga mluzi huku anapaka mnyororo mafuta, nafunga dirisha. Akipitiwa na usingizi mezani kwa uchovu wa kazi, Delfina anamfunika koti langu, nami naliangalia lile koti kana kwamba limeibwa.

Jumapili ya mwisho ya Septemba ilikuwa siku ya kuizindua hiyo Njia ya Nne. Walikuja wageni kumi na wawili, diwani, na mpiga picha wa gazeti. Wangepanda Crosetta kwa upande wetu, wateremke upande wa malishoni. Mimi nikaombwa nipeleke chai kileleni kwa gari. Miaka thelathini na moja ya kupanda, na sasa mimi ndiye wa chai.

Yaliyotokea umeshayasikia kwa Ivano mwenyewe, alipokupigia kutoka hospitali. Alitangulia peke yake kuikagua barabara kabla ya wageni. Alipoikata kona ya tatu akakuta ng'ombe wa mzee Bortolo wameijaza njia ukuta hadi ukuta, mavi mabichi chini, breki hazishiki, na mzee yuko katikati na fimbo yake. Akajitupa kwenye ukuta wa mawe ili asimgonge. Alikwambia ni bahati mbaya, ng'ombe waliteremka siku isiyo yao. Hakukudanganya. Ndivyo anavyoamini mpaka leo.

Tangu siku ile mimi ndiye ninayeongoza. Ofisi wamenipa fulana ya kijani yenye jina la bonde kifuani. Jumapili iliyopita nilipandisha watu tisa, na mama mmoja wa Verona akasema hajawahi kupata kiongozi anayeijua barabara namna hii. Gualtiero alinilipia divai. Ivano naye, kutoka kitandani kwako, aliniambia, "Mjomba, asante. Bila wewe njia hizi zingelala mpaka masika." Na mimi, dada, nilifurahi. Nilipanda ile milima nikiwa na furaha ambayo sikuwa nayo miaka mitatu. Nilipiga mluzi.

Sasa nakuja kwenye lile lililonikalisha hapa mezani.

Ng'ombe hawakukosea siku. Wewe ni wa hapa, unajua kwamba kuteremsha ng'ombe kutoka malishoni hakutangazwi popote. Tangu mwaka ule magari ya watazamaji yalipowatisha ndama wawili wakaangukia korongoni, Bortolo hupima nyasi, hupima baridi, halafu Alhamisi huja baa na kuwaambia watu mmoja mmoja. Aliyeambiwa huwaambia wa nyumbani kwake. Ivano haendi baa, na bango hakuna. Hawezi kujua ila aambiwe na mtu wa nyumba yetu.

Alhamisi ile Bortolo alinifuata mimi. Aliniambia, "Jumapili asubuhi nateremsha, kwa njia ile ile. Mwambie kijana wenu awapitishe watu wake kwingine, au waanze mchana." Nikamjibu nitamwambia. Ijumaa nikanyamaza. Jumamosi, tukiwa mezani, Ivano akaniuliza kama upande wa pili barabara iko sawa. Nikamwambia ni safi, nimepita juzi. Kweli nilikuwa nimepita juzi.

Sikutaka damu. Naomba uniamini hata kama hutaki kuniamini mengine. Nilitaka wakwame nusu saa katikati ya ng'ombe, viatu vyeupe vijae mavi, diwani anune, mpiga picha apige picha ya aibu, na baa nzima iseme kwamba kama angemuuliza Ermes haya yasingetokea. Hicho tu ndicho nilichokuwa nakitafuta.

Lakini ningeweza kukizuia hata dakika ya mwisho, na hapa ndipo mkono wangu unapokuwa mzito. Kule kileleni upepo ulikuwa mkali, na Ivano akaniuliza kama nina gazeti la kuweka kifuani kwa ajili ya kuteremka. Nilimfungua zipu mwenyewe, nikamtandikia kurasa mbili kifuani kwa kiganja, kama baba alivyokuwa akitufanyia. Ndipo kengele zikasikika kutoka chini, mbali, zikija na upepo. Akainua kichwa, akaniuliza zile ni kengele za nini. Dada, mtoto wa miaka mitano wa hapa anajua kengele ya shingo ya ng'ombe. Yeye umemlea kwenye barabara tambarare, angejulia wapi? Nikamfunga zipu mpaka shingoni, nikamwambia ni za misa, kanisa la Lavrè. Akasema, "Haya mjomba, tuonane chini," akaenda. Watu husema kikulacho ki nguoni mwako. Mkono wangu ulikuwa bado una wino wa lile gazeti nilipoisikia kelele ya Bortolo.

Nilimkuta mwanao amelala kando ya ukuta, kofia ya mzee iko chini ya kichwa chake, na anamwomba Bortolo radhi kwa kuwashtua ng'ombe. Bortolo alinitazama, akasema polepole, "Wewe nilikwambia." Hakurudia tena. Nilipomfuata zizini siku ya tatu, alisema hilo ni la damu yetu, si la ng'ombe wake, na mdomo wa kulisema ni wangu. Tangu hapo akiniona baa hukaa meza nyingine.

Wiki tatu nimekaa nalo. Kila jioni Ivano ananiuliza hali ya barabara, na kila jioni namjibu mtoto anayeniamini neno kwa neno. Sikuombi unisamehe kwa barua, na wala usimlaumu Delfina, hajui lolote. Nimeshawaambia ofisi kwamba Jumapili hii sitaongoza. Kwa nini, sikuwaambia. Wewe na Ivano ndio mnaostahili kujua kwanza.

Kwako nimeweza kuandika. Kwake nimejaribu mara nne kusema, na mara nne nimeishia kumuuliza kama anataka chai. Kwa hiyo bahasha hii siifungi. Nitampa mkononi kesho baada ya chakula, aisome mwanzo hadi mwisho nikiwa nimekaa mbele yake, kisha akitaka aifunge na kuituma mwenyewe, na akitaka aitie motoni.

Delfina anakukumbatia. Wasalimie majirani, na uwashe moto mapema, usingoje baridi ikuzoee. Ikiwa unaisoma hii, dada, basi mwanao ameshajua, na anwani iliyo juu ya bahasha ni mwandiko wake.

Ndimi mdogo wako,
Ermes