Kumbukumbu za Babu Ninazoziomba

Shikamoo Bibi, mke mwenza wangu,

Hili sijamwambia mtu mwingine: Babu simkumbuki hata kidogo. Mama akiniuliza, "Unakumbuka alivyokuwa akikubeba?" huwa naitikia tu ili asihuzunike.

Leo dukani kwa Mjomba, hapa Kariakoo, fundi simu alituonyesha video ya mgonjwa aliyewekewa kifaa kwenye ubongo. Anawaza tu, kompyuta inaandika! Fundi akasema wataalamu wanatafuta namna ya kuhifadhi kumbukumbu, na hata kumgawia mtu mwingine. Mimi huyu mwenye haya nikauliza mbele ya wateja kama naweza kupewa za kumhusu Babu.

"Mwenye nazo akikubali, dada."

Mjomba alicheka hadi akamwaga juisi yake ya miwa. "Mwenye nazo ni mama yangu, na kwa wivu ule, hatoi!"

Basi Bibi, punguza wivu. Tusiingoje hiyo mitambo. Nikirudi unisimulie alivyocheka, alivyonukia, hata alivyokoroma, mpaka nami nimwone. Mungu akutunze hadi hapo.

Kadi hii haina bahasha, kwa hiyo ukishaisoma ifunge kwenye pindo la kanga. Mama asijue.

Mjukuu wako,
Zuhura