Tangazo Mlangoni pa Ofisi ya Misitu

Chepelare, 2 Machi

Ognyan mwanangu,

Hujambo huko Sofia? Kifua kimetulia? Mimi mzima, ila usingizi unanipiga chenga. Nimekutilia humu uzi wetu wa heri wa Machi wa kufunga mkononi, mwekundu na mweupe. Uvae mpaka umwone korongo wa kwanza, kisha uufunge mtini. Ule wa baba yako wa mwaka jana bado unaning'inia kwenye mplamu. Sijaugusa.

Kanuni mpya za watumishi wa serikali bila shaka mmezisikia huko wizarani. Mtu atahamishwa popote kwa notisi ya siku saba, na haki ya kukata rufaa inafutwa. Ukikataa, umejifukuza kazi. Mkuu wetu hapa ofisi ya misitu ameanza kunitania kwamba atanihamishia Vidin, pembe ya pili ya nchi. Nani atammwagia baba yako divai kaburini?

Pingamizi zinapokelewa mpaka mwisho wa mwezi, kwa jina na sahihi. Zdravka wa masjala ananiambia, "Dada Stanka, tangulia tu, tuko nyuma yako." Wako nyuma mno, hata nikigeuka siwaoni.

Unasemaje?

Mama yako

Sofia, 11 Machi

Mama mpendwa,

Shikamoo. Kifua hakijambo. Uzi nimeuvaa, ndani ya mkono wa shati.

Nakusihi usitie sahihi. Kanuni hizo zinaandikwa ghorofa hii hii yetu. Jina letu la ukoo si la kila mtu, na mkataba wangu unaisha Aprili. Hata baba angekwambia unyamaze.

Mwanao

Chepelare, 23 Machi

Mwanangu,

Natumai u mzima. Baba yako alikuwa akiipuliza supu yangu kabla ya yake, lakini kunyamaza hakuniambia hata siku moja.

Jana alitimiza miezi sita tangu atutoke. Nilikwenda kwa Slavi mpiga chapa kuchukua tangazo lake la msiba la kubandika kwa kumbukumbu, nikashindwa kuondoka. Nikamwambia anichapie jingine, lenye pambizo nyeusi vilevile: "Kwa majonzi tunawaarifu kwamba haki yetu ya kukata rufaa iko taabani. Anayetaka kuiokoa aje kutia sahihi. Stanka Karabelyova." Leo alfajiri nikalibandika mlangoni pa ofisi, nikaenda zangu kazini msituni.

Kumbe watu wakiona pambizo nyeusi wanasoma jina tu! Narudi kutoka msituni, nakuta maua mlangoni na ngano ya kuchemsha ya matanga, na Zdravka analia kwa kwikwi. Aliponiona akapiga yowe. "Mshenzi wewe! Nimekulilia tangu asubuhi!"

"Basi usipoteze machozi," nikamwambia. "Soma yote."

Akasoma. Akatia sahihi huku anapenga kamasi, na wenzake wakafuata.

Mkuu akafoka, "Bandua hilo!" Nikamwambia, "Bandua wewe." Akanyoosha mkono, akaurudisha. Nani hapa amewahi kubandua tangazo la msiba? Huachiwa mvua.

Nisamehe kama nimekuponza. Niandikie.

Mama yako

Chepelare, 14 Aprili

Ognyan,

U mzima kweli? Mvua imenyesha mara mbili, tangazo bado limeshika. Kila mtu wa posta akipita natoka nje, na kila mara nasema nilikuwa natazama mplamu. Hata matusi yako nitayapokea. Andika tu.

Mama

Sofia, 26 Aprili

Mama,

Shikamoo. Nisamehe kwa kukaa kimya. Nilianza barua nyingi nikazichana.

Mtu alilipiga picha tangazo lako, likafika mpaka mezani petu. Mkubwa akauliza mbele ya wote, "Huyu Karabelyova ni nani? Ognyan, ni wa kwenu?" Mama, nilikuwa na jibu tayari, kwamba ni majina tu yamefanana. Nikaangalia mkono, uzi umechungulia kwenye shati.

Nikasema, "Ni mama yangu."

Wakacheka kidogo, kisha hakuna aliyecheka. Kanuni zimerudishwa kuandikwa upya, sijui zitatoka vipi. Mkataba wangu haukuongezwa.

Nimemwona korongo leo, juu ya nguzo ya umeme karibu na kituo cha mabasi. Uzi sijauvua. Nakuja nao Jumamosi. Usiutoe ule wa baba, nataka niufunge huu kwenye tawi lile lile.

Mwanao