Geji Iliposoma Mia na Ishirini

Baba,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini mkono umekataa kuanza bila hiyo.

Gari lako halipo tena. Naanza na hilo ili lisikukute katikati ya barua. Pikapu imeungua, tela limeungua, na tumbaku yote ya Mzee Maganga imeungua, kwenye ile njia ya mchanga inayotoka mashambani kwenda Urambo. Hakuna aliyekufa. Mama anamshukuru Mungu kwa hilo kila asubuhi, na kila anaposhukuru mimi natoka nje.

Matanga yako yalipokwisha, Baba Mdogo Shija alikuja nyumbani Ipuli akakaa na Mama sebuleni. Akasema yeye atatafuta mizigo na mimi niendeshe, kwa kuwa ni mimi uliyenifundisha. Nilifurahi, Baba. Niliona kama umeniachia kiti chako. Miezi ya mwanzo tulikwenda vizuri, na kila nilipofunga tela nyuma nilikuwa naangalia geji kama ulivyokuwa ukiiangalia wewe.

Unakumbuka siku uliyoifunga hiyo geji ya joto la mafuta ya gia? Ulikuwa umelala chini ya gari, miguu tu ndiyo ilionekana, unaniita nikusomee namba. Majirani walikucheka. Gari lina geji ya maji, hii ya pili ya nini? Ukawajibu kwamba injini ikiumia inapiga kelele, lakini gia boksi ya otomatiki inanyamaza, inapika mafuta yake taratibu huku dereva anapiga soga. Jioni ukanichovya kidole kwenye mafuta mapya, mekundu kama juisi ya choya. Halafu ukaninusisha ya zamani, meusi, yananuka kama mbao iliyoungua. "Mama," ukaniambia, "harufu hii ukiisikia ukiwa njiani, ujue umeshachelewa." Tisini, twende. Mia na kumi, punguza mwendo. Mia na ishirini, simama, weka N, gia isivute, acha injini ingurume mpaka joto lishuke. Nilikuwa naziimba namba hizo nikifua nguo.

Siku yenyewe ilikuwa kiangazi kikali. Mzee Maganga alitaka tumbaku yake ifike kituoni kabla wanunuzi hawajaondoka. Tela lilikuwa limejaa, nami nikasema limejaa, lakini Baba Mdogo akaongeza marobota mengine. Tukakaza kamba. Mzee akapanda juu kabisa ya mzigo, akajilaza, akajifunika koti usoni kukinga jua. Baba Mdogo akakaa pembeni yangu, akavua kofia yake akaitundika juu ya geji.

Sijui kama alikusudia. Alikuwa na tabia hiyo. Ila kila tulipokata kona niliinyanyua ile kofia kwa kidole. Tisini na tano. Mia na nne. Mchanga ulikuwa mzito, magurudumu yanazama, gari linanguruma kuliko linavyokwenda. Msitu wote ulikuwa umekauka, hakuna hata ndege aliyelia. Mia na kumi na mbili. Nikapunguza mwendo. Haikusaidia, maana kwenye mchanga ukienda polepole na mzigo ndipo gia boksi inapochemka zaidi. Ilipofika mia na ishirini nikasimama, nikaweka N.

"Tunasubiri nini?" akauliza.

"Mafuta yapoe, Baba Mdogo. Nusu saa tu."

"Nusu saa wanunuzi wameshaondoka. Gari linavuta, huoni? Kaka yangu Mungu amrehemu, lakini alikuwa mwoga wa magari."

Niliacha injini ingurume. Tukakaa. Geji ikashuka mpaka mia na kumi na tano, ikagoma pale. Akapiga dashibodi kwa kiganja. "Endesha, au nipishe."

Baba, naandika hapa polepole.

Nilimwambia siendeshi. Nikafungua mlango, nikashuka. Alidhani nitazunguka nikae upande wake. Sikuzunguka. Nilisogea pembeni ya njia nikasimama, nimekunja mikono, na moyoni nilikuwa nasema: nenda, nenda uone. Nilitaka geji imuumbue. Nilitaka arudi kwa miguu, aniombe radhi kwa kile alichosema juu yako.

Akaweka gia, akaondoka. Tela likapita mbele yangu. Juu ya marobota niliona miguu ya Mzee Maganga ikining'inia, kiatu kimoja kimefunguka kamba.

Niliiona. Sikumwita. Tela lilikuwa linakwenda mwendo wa mtu anayetembea, ningeweza kulipiga kwa mkono. Nikamwacha apite.

Nilianza kufuata nyuma, sijui kwa nini, pengine kwa kuchoka kusimama. Ndipo nikaona matone. Tone moja katikati ya alama za magurudumu, jekundu. Hatua kumi mbele, jingine. Kisha yakawa yanafuatana kama ya mnyama aliyejeruhiwa. Nikainama nikagusa moja, likanichoma kidole. Mafuta yalikuwa yanatapikwa. Nikaongeza mwendo. Matone yakabadilika, yakawa kahawia, na hapo harufu ikanifikia. Ile ile, ya mbao. Mbele nikasikia injini inalia kwa sauti ya juu sana, inalia tu, gari halisogei. Nikajua gia hazikamati tena. Nikajua pia yale mafuta yanadondokea juu ya bomba la moshi lenye moto, maana linapopita ulinionyesha mwenyewe.

Injini ikanyamaza. Moshi mweupe ukapanda juu ya miti. Halafu ukawa mweusi.

Nilikimbia, Baba, huku napiga kelele jina la Mzee, wakati ambapo jina halikuwa na faida. Nilipofika, sehemu ya mbele ya gari ilikuwa moto mtupu na marobota ya kwanza yalishashika. Baba Mdogo alikuwa juu ya tela. Alikuwa ameshatoka salama, akakumbuka, akarudi. Mzee hasikii vizuri, alikuwa bado amelala. Nilimwona Baba Mdogo anashika chuma cha tela kwa mikono miwili ili ajivute, na chuma kilikuwa cha moto, na hakukiachia. Wakaanguka chini pamoja. Mzee akavunjika mtulinga. Mikono ya Baba Mdogo siwezi kukuandikia ilivyokuwa.

Sasa yuko hapa nyumbani. Vidole vya kulia havikunjiki. Mimi ndiye ninayemlisha. Namega tonge, nachovya mchuzi, namtia mdomoni kama mtoto. Wageni wakija anawaambia, "Huyu binti alinionya. Nilimkatalia." Hajitetei hata kidogo. Wageni wananitazama, wanasema akili ya baba yake hiyo, alijua wakati wa kushuka. Mama anatabasamu. Mzee Maganga mwenyewe ameniletea kuku kwa mkono wa binti yake, shukrani kwa kuwa nilikimbia kijijini kuita watu. Hakuna aliyeniuliza kama nilimwona juu ya mzigo. Kila mtu anadhani kwa hasira zile nilisahau kuwa yuko juu.

Juzi Baba Mdogo aliacha kutafuna, akanitazama. Akasema, "Uliposhuka, ulijua yuko juu." Hakuuliza. Nikamega tonge jingine. Akafungua mdomo, akala, na hajalisema tena. Hatamwambia mtu. Namfahamu, atabeba kosa lake na langu.

Hilo ndilo siwezi kuliruhusu, Baba. Nakuahidi: Jumapili baada ya misa nitapanda basi la Urambo, nitatembea mpaka kwa Mzee Maganga, na nitamwambia mbele ya watoto wake kwamba nilimwona, na nilimwacha apite kwa sababu nilikuwa na hasira na mtu mwingine. Sijui atafanya nini. Wanawe ni wakali, na tumbaku ile ndiyo ilikuwa mwaka wao mzima.

Pumzika, Baba. Usiniombee nisamehewe. Niombee nisigeuze njiani.

Mwanao,
Kabula