Tangi la Babu Linaliwa, na Jumamosi Nimeahidi Kumrusha

Bi Arlys mpendwa, nisaidie, na unisaidie kabla ya Jumamosi, maana baada ya hapo huenda nisiwe na mkono wa kuandikia.

Mimi ni kijana wa miaka kumi na tisa, shule niliiacha darasa la kumi baada ya mimi na hesabu kukosana, lakini usinidharau, kwa mikono nawashinda wengi, ndege yetu ya njano ya viti viwili ambayo babu aliianza kuiunda kabla sijazaliwa, ikalala miaka ishirini na mitano kwenye banda la mashine za kuvunia, mimi ndiye niliyeivisha mabawa, mimi niliyeifunga injini, na mimi ndiye niliyeirusha mara ya kwanza mwezi wa Mei, na wote walionicheka walinyamaza siku hiyo kama kuku waliomwona mwewe.

Sasa matatizo. Mwanzoni nilitia petroli ya ndege na injini ikaimba. Halafu babu, ambaye mahindi yake yote huenda kiwandani kukamuliwa spiriti ya kuchanganywa na petroli ya magari, akaniona nashusha madumu.

"Hiyo nini?"

"Petroli ya ndege, babu."

"Trekta linakunywa mahindi yetu. Gari langu linakunywa mahindi yetu. Hiyo ndege yako ina tumbo la kifalme?"

"Lakini mwongozo unasema..."

"Mwongozo umelima ekari ngapi?"

Nikaenda kujaza petroli ya spiriti kwenye pampu ya ushirika kama watu wote wa hapa.

Wiki ya tano injini ikaanza kukohoa. Ikiwa chini inanguruma bila kutetereka, hata niipe moto wote dakika kumi, lakini nikiruka na pua ikaelekea juu inakatakata, nikishusha pua inarudi, basi nikabadilisha plagi, wapi, nikafungua chujio la mafuta nikakuta uji wa kahawia unaonata kama asali iliyoungua, nikausafisha, nikaruka, ukarudi, nikausafisha tena, ukarudi mzito zaidi. Mara ya tatu injini ilinyamaza kabisa juu ya soya za jirani yetu Hruska, futi mia tatu hivi, Bi Arlys, nikasikia upepo ukipiga mluzi kwenye mabawa na ningeweza kukuhesabia mistari ya soya, kisha ikashika, nikarudi uwanjani nimetabasamu, maana binamu yangu Tereza alikuwa amesimama pale anatazama.

"Ndege yako inakohoa kama ng'ombe aliyemeza kamba," akasema.

"Madoido hayo. Nilikuwa nakuonyesha."

"Madoido gani yanamlowesha mtu jasho mpaka soksi?"

Tangu siku hiyo sijaruka, hata bandani siendi. Na hapa ndipo pabaya, sheria unaijua, ndege ya kujiundia haibebi abiria mpaka imalize saa arobaini za majaribio, mimi nilikuwa na thelathini na nne, basi nikakaa mezani jikoni nikaziandika sita zilizobaki kwenye daftari la ndege kwa kalamu, na tarehe zake, na hali ya hewa nikaiweka ya jua. Ni kwa sababu Jumamosi kuna kifungua kinywa cha marubani, wilaya nzima itakuja kula chapati za maji pale uwanjani, na babu nimemwahidi kiti cha kando yangu. Ana miaka themanini na moja. Ameunda ndege lakini hajawahi kupanda hata moja. Jana alikwenda kunyoa.

Tangi ni la faibaglasi, nyuzi za kioo zilizogandishwa kwa gundi, alilifinyanga mwenyewe majira ya baridi yale bibi alipokuwa anaumwa, na huniambia bila tangi lile angerukwa na akili. Nahisi spiriti inalila. Nikimwambia, nitakuwa namwambia kwamba mahindi yake yamekula tangi lake. Je, nikisafisha chujio asubuhi hiyo hiyo, nikampitisha mzunguko mmoja tu, pua chini chini, si tutafika? Mimi rubani mzuri, muulize yeyote. Ila usimuulize babu.

Mwewe wa Nebraska

BI ARLYS ANAJIBU

Mwewe, kaa chini. Mwewe hakohoi.

Kwanza pole. Nimetengeneza ndege miaka thelathini na saba na ukimya huo wa futi mia tatu naujua. Ulishusha pua badala ya kuhangaika kugeuka, ndiyo maana uko hai. Sifa zako zimeishia hapo.

Ugonjwa umeutaja mwenyewe, ila ulikuwa unatafuta mtu wa kukwambia si huo. Ndio huo. Spiriti inayeyusha gundi ya tangi la zamani, gundi inateremka na petroli na kuganda kwenye chujio, kwenye mabomba, na kwenye kabureta ambako wewe hata hujachungulia. Petroli yako haina pampu, inashuka kwa mteremko tu. Ukiinua pua, mteremko unapungua. Bomba lililozibwa nusu linatosha uwanjani, kupanda halitoshi. Sasa mpakie na babu: ndege nzito hupanda polepole, injini inataka petroli nyingi kwa muda mrefu zaidi. Na hiyo "pua chini chini" utairukaje miti ya mwisho wa uwanja, kwa maombi?

Toa petroli yote. Ng'oa tangi, usilizibe, usilipake chochote. Weka jipya la alumini. Badilisha mipira yote ya mafuta, fungua kabureta, puliza bomba la hewa la tangi maana nyigu wa huku hujenga humo. Ukimaliza, inua gurudumu la mbele juu ya magogo mpaka pua ipite mwinuko wa kupandia, ifunge isiteleze, chomoa mpira kwenye kabureta, na kwa petroli kidogo tangini pima inayotoka kwa dakika. Iwe mara moja na nusu ya ile ambayo injini hunywa ikiwa na moto wote. Pungufu ya hapo, huruki. Na kuanzia sasa, kila petroli kabla haijaingia tangini, mimina kidogo kwenye chupa yenye maji uliyoyawekea alama, tikisa, acha itulie. Maji yakipanda juu ya alama, kuna spiriti. Rudisha ilikotoka.

Zile saa sita zipige mstari mmoja, zisomeke bado, andika pembeni kwamba hazikurukwa, tia sahihi. Kijana wa kuongopea daftari la ndege anawaongopea waliopanda. Kisha uzirushe kweli, peke yako.

Sasa babu. Gazeti hili linatoka Alhamisi, barua yako niliipata Jumatatu. Ulificha jina ukaacha rangi ya ndege, umri wa babu na jirani Hruska. Katika wilaya yetu ndege hiyo ni moja. Ulisema nisimuulize. Nimekwenda.

Jumanne mimi na babu yako tulifungua chujio pamoja. Alichovya kidole, akanusa.

"Kumbe ni tangi langu," akasema.

"Gundi ya enzi zile haikuwahi kukutana na spiriti, Ladislav. Nimeng'oa matangi ya namna hii sita."

"Na mtoto anajua?"

"Anajua."

"Mbona hakuniambia?"

Nikamwambia hilo ni lako kujibu. Akaniletea spana yeye mwenyewe. Panga la mbele la ndege yako, lile linalozunguka, tumeling'oa na liko nyuma ya gari langu, chini ya turubai. Utalipata siku utakayokuja na daftari lililosahihishwa, na ukija, uje naye, maana anayeshika saa petroli ikipimwa atakuwa yeye.

Nimemwomba asikuulize kwanza, akupe nafasi ya kusema mwenyewe. Siku mbili hizi mmekula meza moja naye anasubiri. Amenikubalia mpaka Ijumaa saa sita mchana. Baada ya hapo atauliza yeye.